Kuwapeleka wanafunzi kwa kobe wa Changuu: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila muhula unapofunguliwa, simu yangu huanza kulia kwa maswali yale yale. Mwalimu, nataka kuwapeleka watoto wakaone wanyama, nianzie wapi? Kobe wakubwa wa Changuu, kile kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, wanauma? Nichukue watoto wangapi? Baba fulani hataki mwanawe apande boti, nimwambieje? Nimekuwa nikiyajibu moja moja, tena kwa furaha. Sasa naona bora niyaweke yote pahala pamoja, ili mwalimu wa Makunduchi asome, wa Mkokotoni asome, na wa Wete naye achukue linalomfaa.

Nianze na ziara yangu ya mwanzo, maana mwongozo huu wote umetoka humo. Nilichukua watoto 52 wa darasa la tano, boti mbili, tukaenda Changuu, tukarudi salama. Nikalala na furaha. Keshoye nikawaambia waandike walichojifunza. Nikasoma madaftari usiku kucha: boti, mawimbi, malai tuliyokula Forodhani, fulani alitapika. Kuhusu kobe, wengi waliandika sentensi moja: "Kobe ni mkubwa." Hilo wangelijua kwa picha. Kosa halikuwa la watoto. Niliwapeleka mbele ya mnyama mkubwa kuliko meza yangu bila ya kuwapa kazi yoyote ya kufanya pale. Tangu siku hiyo, hakuna mtoto anayetoka skuli kwangu bila ya kitu cha kuhesabu.

Kwa nini nakushauri uanze na Changuu? Kwa mwalimu mgeni wa kazi hii, kobe ni mwalimu msaidizi mzuri kuliko wote. Yuko ndani ya uzio, hajifichi mitini, hakimbii, na mtoto mwoga humzoea ndani ya dakika kumi. Kima wa Jozani na popo wa Kidike nitawagusia mbele.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Usitangaze ziara mpaka uwe na haya mkononi:

- Barua ya ruhusa ya mwalimu mkuu, na fomu ya kila mzazi iliyotiwa saini. Fomu iwe na nambari ya simu na nafasi ya kuandika maradhi ya mtoto (pumu, kifafa, mzio).
- Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane. Mama wawili watatu wa kamati ya wazazi hufaa sana, tena huwa macho kuliko sisi walimu.
- Boti yenye nahodha anayejulikana na jaketi okozi za saizi ya watoto. Kamwambie akuoneshe jaketi zenyewe, usitosheke na maneno.
- Dumu la maji la lita 20, sabuni mbili, na taulo kuukuu. Hivi walimu wengi husahau, na ndivyo vya lazima kuliko vyote.
- Sanduku la huduma ya kwanza.
- Kila kundi: daftari moja, penseli mbili (kalamu ya wino hukataa ikirowa), na simu moja ya mtu mzima yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Fedha: boti, kiingilio, usafiri wa skuli hadi mjini, na akiba kidogo. Ukiuliza kiingilio, taja wazi kuwa ni wanafunzi wakaazi, kwani bei ya mgeni si yenu.

Idadi ninayoipenda ni watoto 32, makundi manne ya wanane. Ukipita 40, wa nyuma hawaoni wala hawasikii.

MACHACHE YA KUJUA KUHUSU KOBE HAWA

Hawa si kobe wa asili wa Unguja. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra, katika Shelisheli. Mwaka 1919 Gavana wa Shelisheli aliwatoa wanne zawadi, wakaletwa Changuu. (Watoto watacheka ukitaja Shelisheli, kwa kuwa kwao shelisheli ni tunda la kuchemsha au kukaanga. Waache wacheke, kisha wafungulie ramani ya Bahari ya Hindi.)

Wakazaana. Hesabu zinazotajwa ni kiasi cha kobe 200 mwaka 1955, 100 mwaka 1988, 50 mwaka 1990, na 7 tu mwaka 1996. Waliibiwa. Watu waliwauza nje kwa wanaotaka kufuga kobe majumbani, na wengine waliliwa. Mwaka huo huo wa 1996 wakaletwa vitoto 80 kuongeza idadi, na 40 kati yao vikatoweka. Hapo ndipo ulipojengwa uzio imara na kuwekwa ulinzi, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama. Hao wanaowaona watoto leo wapo kwa sababu mtu alijenga ukuta na mtu mwengine akakaa kuulinda.

Hayo yanatosha.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua swali moja la safari

Swali moja, si matano. Mimi hutumia hili: "Kwa nini kobe walipungua kutoka 200 hadi 7, na leo wako wangapi?" Sehemu ya mwanzo wataisoma darasani. Sehemu ya pili hawawezi kuijua mpaka wamuulize mtunzaji kisiwani. Mtoto anayesafiri na swali huwa hatulii kitini, na hilo ndilo tunalolitaka.

2. Chagua siku kwa kuangalia maji

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharibu. Wanaangalia kalenda ya skuli, hawaangalii mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hupwa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati ule ule mnaofika au kutaka kuondoka. Boti haisogei karibu na ufuo, watoto wanashuka kwenye maji na sare zao, wanakanyaga mawe makali. Chagua siku za maji mafu, siku ya 7 hadi 9 ya mwezi mwandamo, au ya 21 hadi 23. Hapo asubuhi maji huwa yamejaa. Kama huna uhakika, muulize mvuvi yeyote, au waulize watoto wenyewe: darasa la skuli ya pwani halikosi mtoto wa kukujibu bila ya kuangalia popote.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari inaweza kuchafuka, kwa hiyo uwe na siku ya pili ya akiba. Usiweke Ijumaa. Usiweke Ramadhani. Na kumbuka watoto wengi wana chuo cha Kurani mchana: toka saa mbili asubuhi, uwe umerudi Forodhani kabla ya adhuhuri, na utakuwa umewaondolea wazazi hoja kubwa.

3. Nenda mwenyewe kwanza

Usiwapeleke watoto pahala ambapo hujawahi kusimama. Nenda peke yako wiki mbili kabla. Tazama pa kushukia, vyoo viko wapi, kivuli kiko wapi, wapi watoto 32 wataweza kukaa pamoja wakala. Zungumza na watunzaji. Waambie mnakuja, waambie mna swali, na waombe mmoja azungumze na watoto kwa robo saa. Wamezoea wageni wanaopiga picha na kuondoka. Mwalimu akija kuomba somo, mara nyingi hufurahi.

4. Kaa na wazazi uso kwa uso

Barua peke yake haitoshi kwa safari ya baharini. Wazazi wa Unguja na Pemba hawajazisahau meli zilizozama, Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, na wengine wamefiwa humo. Mzazi akikwambia "mwanangu hapandi chombo", usimjibu kwamba ni karibu. Chukua jaketi okozi moja, nenda nayo kikaoni, mvalishe mtoto mmoja mbele yao, funga kamba zote. Taja jina la nahodha na idadi ya watu atakaowachukua. Waambie wazi kwamba upepo ukiwa mbaya safari haipo, hata kama fedha imeshalipwa. Baada ya hapo, atakayekataa muache na mwanawe asidharauliwe. Mtoto huyo mpe kazi ya maana: ndiye atakayewahoji wenziwe wakirudi na kuandika habari ya darasa.

5. Fanya somo la kabla

Vipindi viwili vinatosha.

Cha kwanza, sogezeni madawati. Chora kwa chaki sakafuni gamba la kobe dume mkubwa, urefu wa sentimita 120. Waite watoto wakae ndani ya mchoro mpaka ujae. Kisha uzito: dume mkubwa hufika kilo 250. Waulize ni mifuko mingapi ya saruji ya kilo 50. Tano. Mtoto ambaye baba yake ni fundi wa kujenga atakueleza mwenyewe maana ya kubeba hata mmoja. Mwaka mmoja mvulana mmoja alibaki amesimama katikati ya mchoro wakati wenziwe wameshatoka, akauliza, "Mwalimu, sasa mwizi alimbebaje?" Darasa zima likanyamaza likifikiri. Msichana mmoja akajibu kutoka nyuma: "Aliiba wadogo." Somo la uhifadhi likaanza hapo hapo, bila ya mimi kusema neno.

Cha pili, grafu. Chora ubaoni mistari miwili, miaka chini na idadi ya kobe pembeni. Watoto waweke nukta: 1919, 1955, 1988, 1990, 1996. Waunganishe. Mstari unapanda taratibu, kisha unaanguka kama nazi. Upande wa kulia uache wazi. Kila mtoto aandike kwa penseli anachokisia kuwa ni idadi ya leo. Karatasi hizo safirini nazo.

6. Gawa makundi na kazi

Kila kundi kazi yake, na kila mtoto ajue yake kabla ya kupanda boti:

- Kundi la mdomo: mchagueni kobe mmoja anayekula. Anauma mara ngapi kumaliza jani moja? Ana meno? (Hana. Ana ukingo mgumu wa mdomo, kama wa ndege.)
- Kundi la miguu: hesabuni hatua zake kwa dakika moja, kisha mkadirie amekwenda mita ngapi.
- Kundi la umri: baadhi yao wameandikiwa umri mgongoni kwa rangi. Nakilini nambari tano, mtoe mwaka wa kuzaliwa.
- Kundi la maswali: hawa ndio watakaozungumza na mtunzaji.

7. Siku yenyewe, baharini

Hesabu watoto mara nne: mkitoka skuli, mkipanda boti, mkishuka, mkirudi kupanda. Jaketi zifungwe nchi kavu, juu ya mtandio na sare, si ndani ya boti. Chai nyepesi tu asubuhi. Mtoto aliyekula urojo saa moja kabla ya safari atakusumbua, nawe utajilaumu. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema hatwendi, hamwendi.

8. Mbele ya kobe

Mkifika, usiwafungulie mlango mara moja. Kaeni nje ya uzio dakika tano kimya, mtazame tu. Dakika hizi tano ni muhimu kuliko maelezo yoyote. Watoto wataona wenyewe kwamba kobe naye anawatazama, kwamba kichwa kikirudi ndani hutoka sauti ya pumzi, fff, kama mtu anayepuliza mkaa.

Ndani, sheria ni chache na hazina mjadala:

- Hakuna kumpanda, hakuna kumkalia, hakuna kumgonga gamba. Watoto hudhani gamba ni nyumba aliyoivaa. Si hivyo. Uti wa mgongo na mbavu zake vimeungana na gamba hilo, na akiguswa anahisi. Waambie wajiguse kucha kisha waminye: kitu kigumu, lakini mwenyewe anajua umemgusa.
- Jani hushikwa kwa ncha ya mbali, mkono umenyooka. Kobe hana nia ya kumuuma mtu, lakini hatofautishi shina la mchicha na kidole chembamba.
- Anapewa anachokiruhusu mtunzaji tu. Biskuti, mkate, pipi, hapana.
- Akirudisha kichwa ndani, amesema basi. Nendeni kwa mwengine.

Mwombe mtunzaji awaoneshe kumkuna shingo. Nimeliona hili mara nyingi na sijalichoka: mkono unapita taratibu chini ya shingo, kwenye ile ngozi kavu iliyokunjamana, na kobe, aliyekuwa amelala kama jiwe, ananyanyuka kwa miguu yote minne, anainyoosha shingo juu mpaka inatetemeka, amefumba macho nusu. Kwa kobe wakubwa wa visiwa vya Galapagos, ndege hutumia nafasi hiyo kuwaokota kupe. Watoto wanaona mnyama anaomba kusafishwa. Hapo mtoto mwoga husogea mwenyewe.

Kisha acha makundi yafanye kazi. Wewe usizungumze. Najua ni vigumu, sisi walimu tumezoea kujaza kila dakika kwa sauti zetu. Zunguka, sikiliza, rekebisha pale tu kazi inapokwama.

Kundi la umri ndilo litakalokuletea swali zuri. Watamkuta aliyeandikwa miaka zaidi ya 150. Watatoa, watapata mwaka uliotangulia 1919. Waulize tu: "Basi huyu alizaliwa hapa?" Subiri. Kuna mtoto ataona kwamba mzee huyu alizaliwa ng'ambo, akavushwa bahari kama wao walivyovuka asubuhi ile. (Umri wa wazee hawa ni makadirio, hilo pia waambie. Mtoto ajifunze mapema kwamba makadirio ni hesabu ya heshima, si uongo.)

Mwisho, wakusanye kwa mtunzaji. Kundi la maswali liulize: leo wako wangapi? Kila mtoto aiweke nukta ya mwisho kwenye grafu yake palepale, akiwa amesimama, daftari mkononi.

9. Sabuni, kisha chakula

Hakuna mtoto atakayetia kitu mdomoni kabla ya kunawa. Kobe, kama wanyama wengi wa jamii yao, wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila ya wao wenyewe kuumwa, na mtoto akila andazi kwa mkono huo anaweza kuharisha. Wapange mstari, mmoja amimine maji, mmoja asimamie sabuni, sekunde 20 kila mmoja, na kucha pia. Fanya hivyo hata kama kuna bomba kisiwani, kwa sababu mara nyingi halitoshi watoto 32 wenye njaa. Vyakula mvifunge kwa makawa au vikapu, taka zote zirudi mjini.

10. Keshoye

Usiwaambie "andikeni mlichojifunza". Kila kundi lilete hesabu zake ubaoni. Kisha kazi moja ya nyumbani: mtoto amsimulie mtu mzima mmoja habari ya mstari ule ulioanguka, halafu aandike mtu huyo alijibu nini. Majibu haya ni hazina. Bibi mmoja wa Bububu alimwambia mjukuu wake kwamba zamani walikuwa wakisikia kobe wanauzwa, na hakuna aliyeona vibaya. Mtoto akaandika hivyo hivyo alivyosikia, na darasa likazungumza juu ya neno "hakuna aliyeona vibaya" kipindi kizima.

UKITAKA JOZANI BADALA YA CHANGUU

Hatua ni zile zile, bila ya bahari. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Mnyama wenu ni kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, duniani kote. Watafiti waliozunguka kisiwa kizima walihesabu zaidi ya 5,800. Huyo ni wetu kwa maana kamili ya neno.

Tofauti moja kubwa: kobe mnampa jani, kima hampewi kitu. Tumbo lake lina vyumba, linachachusha majani kama la ng'ombe, na matunda mabivu yenye sukari humdhuru. Ndizi ya mtoto mwenye huruma ni sumu kwake. Mtoto mwenye mafua akae mbali kabisa, kwa sababu maradhi yetu ya kifua wanaweza kuyashika. Umbali ni ule anaousema muongozaji, hata kima mwenyewe akisogea.

Swali la safari ninalolipenda Jozani: "Kwa nini kima anakula mkaa?" Ndiyo, anakula. Huokota kwenye matanuri na visiki vilivyoungua, wengine huingia hadi majikoni. Mkaa hunasa sumu iliyomo kwenye majani anayoyapenda, kama ya mwembe na mkungu. Watoto waliotumwa kununua mkaa kila siku hawalisahau hili.

Na jitayarishe kwa wazee. Punju ni sumu, na wapo wanaoamini kwamba mti anaokula kima hufa. Mkulima wa minazi naye atakwambia kima wanammalizia vidaka. Usimcheke na usimsahihishe mbele ya watoto. Msikilize, kisha wape watoto habari hii: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulihesabu minazi na mavuno karibu na Jozani, ukakuta kwamba kima kula vidaka hakukuipunguzia minazi mavuno. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi, hauwezi kuvilea vyote kuwa nazi. Wapeleke wakahesabu vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi ambao kima hafiki. Wataona.

WALIMU WA PEMBA

Nyinyi mna popo wa Pemba, mkubwa, akitanua mbawa hukaribia mita 1.6, na hapatikani kisiwa kingine. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda, na wengine wako msitu wa Ngezi. Nendeni asubuhi, popo wakiwa wamening'inia, mhesabu mti mmoja tu.

Tatizo lenu ni jina. Mtoto akisikia popo, anafikiria popobawa, yule jini anayesemwa huwavamia watu usiku, na hofu ile ya mwaka 1995 bado inasimuliwa majumbani. Usiikejeli hofu hiyo. Lizungumze darasani kabla ya safari, waache waseme walichosikia, kisha uwape kazi: popo huyu anakula nini, na mbegu anazidondosha wapi? Anakula matunda na maua, na msitu anaoruka juu yake anaupanda mwenyewe.

MATATIZO NA NAMNA YA KUYATATUA

Kobe wamelala tu. Mmechelewa. Jua likiwa kali hujificha kivulini na hawali. Mkifika saa tatu mtawakuta wanatembea. Kundi la miguu likikosa kazi, lihesabu ni wangapi wako kivulini na wangapi juani.

Mtoto anaogopa, analia. Usimburure. Mpe kazi ya kushika saa nje ya uzio. Wengi huingia wenyewe kabla ya nusu saa. Asipoingia, amefanya kazi yake.

Mtoto ameumwa kidole. Huwa ni kubanwa zaidi ya kukatwa. Osha kwa maji mengi na sabuni, funga kitambaa safi. Ngozi ikipasuka, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na mwambie mzazi wewe mwenyewe, asisikie kwa watoto.

Muongozaji anasimulia gereza na karantini za zamani za kisiwani tu. Majengo yale ni historia yetu na yana siku yake. Mrudishe kwa adabu: "Mzee wangu, watoto wana swali kuhusu kobe."

Fedha hazitoshi. Punguza watoto, usipunguze jaketi. Au fanya somo skulini: kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu nao si wa asili, waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, na hawahitaji boti. Hesabuni wanaotua uwanjani kila siku saa nne kwa wiki mbili, mchore grafu. Kuna skuli zimeanza hivi na mwaka wa pili wakapata wa kuwafadhili boti, kwa kuwa walikuwa na kazi ya kuonesha.

Watoto wanataka kufuga. Baada ya ziara, hili litakuja, na huja kwa mapenzi. Mwaka mmoja mtoto alinijia asubuhi na kobe mdogo wa porini ndani ya mkoba wa skuli, amemfunika kwa majani ya mchicha, ameokotwa njiani karibu na shamba la babu yake. Usimgombeze. Mwulize amemwokota wapi hasa, mti gani, upande gani wa njia. Mpeni maji kwenye kifuniko. Saa za skuli zikimalizika, nenda na mtoto huyo mpaka pale pale, mwache mwenyewe amshushe chini, msubiri mpaka atoe kichwa. Kama mtoto hajui pahala alipookotwa, au mnyama ana jeraha, au kuna mtu amemuuzia, msimtupe msitu wowote: mpelekeni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, na sheha awaite watu wa idara ya misitu.